Njia ya Mikutano ya Dunia Ianzie Vibanjani

Inapotajwa mikutano ya kimataifa ya haki za wanawake, fikra za watu wengi huruka moja kwa moja hadi miji ya mbali: Mexico, Copenhagen, Nairobi, Beijing, New York. Huonekana kumbi kubwa zenye bendera, wajumbe waliovaa vizuri, na maazimio marefu yaliyoandikwa kwa lugha asiyoijua mkulima wa kahawa wa Kamachumu. Kwa sababu hiyo limezuka wazo, nalo limekuwa kama kasumba, kwamba mikutano hiyo ni ya wasomi wa mjini wenye pasipoti, na kwamba mwanamke wa kijijini hana lake huko. Wapo hata wanaolipeleka wazo hilo mbele zaidi na kusema kuwa haki zinazojadiliwa huko ni mambo ya kigeni, yasiyohusu mila za hapa.

Wazo hilo ni la makosa, na ushahidi wa makosa yake hauhitaji kutafutwa New York wala Geneva. Uko wilayani Muleba, mkoani Kagera.

Tarehe 24 Agosti 1988 mwanamke mmoja wa wilaya hiyo, Bibi Holaria Pastory, aliuza shamba alilorithi kwa baba yake kwa wosia halali. Alikuwa amezeeka na hakuwa na mtu wa kumtunza, akaona ni heri aliuze apate fedha za kujikimu. Bei ilikuwa shilingi 300,000, na mnunuzi hakuwa mtu wa ukoo. Siku ya pili yake mwanamume mmoja wa ukoo wake alifungua madai katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha akitaka mauzo hayo yabatilishwe. Hoja yake ilikuwa moja: kwamba kwa mila za Wahaya mwanamke hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ilimkubalia. Mahakama ya Wilaya ya Muleba ilimkatalia. Shauri likapanda hadi Mahakama Kuu mjini Mwanza, na mwezi Februari 1990 Jaji James Mwalusanya akatoa hukumu ambayo wanafunzi wa sheria wa nchi nyingi wanaijua kwa jina la Ephrahim dhidi ya Pastory.

Mwenye madai hakuwa amezua jambo. Sheria za Mila zilizotangazwa na Serikali mwaka 1963, katika kanuni yake ya 20, zilimruhusu mwanamke kuitumia ardhi ya ukoo maishani mwake, lakini zilimkataza kuiuza. Jaji aliipima kanuni hiyo kwa Haki za Binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984. Kisha akaipima kwa Tangazo la Dunia la Haki za Binadamu la mwaka 1948, kwa Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na za Watu, na kwa Mkataba wa Kuondoa Aina Zote za Ubaguzi dhidi ya Wanawake wa mwaka 1979. Akaona kuwa haiwezi kusimama mbele ya vipimo hivyo. Akatamka kwamba mwanamke na mwanamume wana haki sawa ya kurithi ardhi ya ukoo na kuiuza, na kwamba mtu wa ukoo anayetaka shamba lirudi anayo nafasi ya kulikomboa katika muda wa miezi sita kwa kulipa zile shilingi 300,000.

Hapa ndipo msomaji anapopaswa kutua na kujiuliza: Mkataba wa mwaka 1979 ulifikaje katika shauri la shamba la Muleba?

Ulifika kwa njia ya mikutano ile ile inayodhaniwa kuwa haina maana kijijini. Mkutano wa kwanza wa dunia wa wanawake ulifanyika Mexico mwaka 1975, na miaka kumi iliyofuata ikatangazwa kuwa Muongo wa Wanawake wa Umoja wa Mataifa. Katika muongo huo, tarehe 18 Desemba 1979, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha Mkataba. Tanzania iliutia saini tarehe 17 Julai 1980, siku ambayo mataifa mengi yaliutia saini wakati wa mkutano wa pili mjini Copenhagen. Mkutano wa tatu ulifanyika jirani, Nairobi, tarehe 15 hadi 26 Julai 1985. Tarehe 20 Agosti mwaka huo huo, kabla hata mwezi haujatimia tangu wajumbe watawanyike, Tanzania ikauridhia Mkataba. Miaka mitano baadaye ukawa kipimo mkononi mwa jaji wa Mwanza, na bibi kizee asiyewahi kukanyaga Mexico wala Copenhagen akaushika mkia wa haki yake.

Kwa hiyo swali la kama mikutano ya dunia inamhusu mwanamke wa kijijini limekwisha kujibiwa. Swali linalobaki ni gumu zaidi. Haki ya Bibi Holaria ilitegemea kumpata hakimu wa wilaya aliyethubutu kuona tofauti na mahakama ya chini yake, na jaji aliyeisoma mikataba na kuiamini. Je, ni wanawake wangapi ambao mashauri yao huishia mbele ya wazee wa ukoo, chini ya mgomba, bila karatasi wala shahidi? Haki inayotegemea bahati haijawa haki kamili. Kazi ya vikundi vya utetezi ni kuiondoa bahati hiyo na kuweka utaratibu mahali pake, na ushiriki wao katika mikutano ya kimataifa hauna budi kupimwa kwa kazi hiyo tu.

MILA NA MABADILIKO

Kabla ya kuzungumzia utaratibu, yafaa kuijibu hoja ya mila, kwa kuwa ndiyo inayosikika zaidi, na wanaoitoa si wote wenye nia mbaya. Mzee wa Kihaya anapoona kibanja cha babu zake kinauzwa kwa mtu asiye wa ukoo, uchungu wake ni wa kweli. Katika kibanja hicho ndimo yalimo makaburi ya wazazi wake, na migomba na mibuni iliyopandwa na mikono yao. Hukumu ya mwaka 1990 haikuudharau uchungu huo. Ndiyo maana iliacha mlango wa kukomboa. Ilichokataa ni uzito wa mila kubebeshwa mwanamke peke yake.

Aidha, Kagera yenyewe ni shahidi kwamba mila ya ardhi inaweza kubadilishwa kwa sheria na jamii ikabaki imesimama. Utaratibu wa nyarubanja, uliomfanya mkulima awe mpangaji katika ardhi aliyoilima na kumlipa bwana wake, ulikuwa wa mila pia. Ulitetewa kwa jina la heshima na desturi za kale. Mwaka 1965 Bunge lilipitisha sheria ya kuwakomboa wakulima hao. Hakuna leo Mhaya mwenye akili timamu anayedai kwamba siku hiyo Uhaya uliangamia. Naye Mwalimu Nyerere, katika andiko lake la mwaka 1967 kuhusu ujamaa vijijini, alipousifu udugu wa jamii za kale hakuacha kutaja kasoro zake, na mojawapo ilikuwa ni hali duni ya mwanamke. Hivyo, anayeitetea haki ya mwanamke hakopi fikra kwa wageni. Anakamilisha kazi iliyoanzwa hapa.

Na Kagera ina sababu ya ziada ya kuliangalia jambo hili. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini walitambuliwa katika mkoa huo mwaka 1983. Miaka iliyofuata ilijaza wajane na yatima katika vijiji vya Bukoba na Muleba. Kwa kanuni za mila zilizoandikwa mwaka 1963, mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha watu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto. Je, kama watoto ni wadogo, au wamekufa? Mtu anayedhani kuwa haki ya mirathi ni mada ya semina za hoteli na aliulize swali hilo katika kijiji chochote cha ukanda wa ziwa.

MILANGO MIWILI

Sasa, kikundi cha utetezi kilichoko Muleba au Bukoba kinawezaje kushiriki katika mkutano wa dunia? Jambo la kwanza ni kujua kwamba kila mkutano wa namna hii una milango miwili. Kuna mlango wa serikali, ambako wajumbe rasmi hujadili na kupitisha maazimio, na kuna mlango wa vyama vya hiari, ambako wananchi hukutana, hubadilishana maarifa na kuwashinikiza wajumbe rasmi. Mwaka 1995 mkutano wa serikali 189 ulifanyika mjini Beijing, wakati vyama vya hiari vilikusanya watu wapatao 30,000 huko Huairou, nje ya mji. Mtu wa mlango wa pili hapigi kura. Lakini akijua kazi yake, maneno yake huingia katika mlango wa kwanza kupitia kinywa cha mjumbe wa serikali yake.

Tanzania ina historia ya kujivunia katika milango yote miwili. Katibu Mkuu wa mkutano ule wa Beijing alikuwa Mama Gertrude Mongella, mzaliwa wa Ukerewe, na katika ujumbe wa Serikali alikuwemo Profesa Anna Tibaijuka, mzaliwa wa Muleba. Taifa lililotoa kiongozi wa mkutano mkubwa kiasi hicho halina sababu ya kuwaona wanawake wake wa vijijini kuwa hawawezi.

Tangu Beijing, jukwaa la kila mwaka ni Tume ya Hali ya Wanawake ya Umoja wa Mataifa, iliyoundwa mwaka 1946, ambayo hukutana New York kila mwezi Machi. Ndiyo iliyofanya tathmini ya miaka 30 ya maazimio ya Beijing mwezi Machi 2025. Ili kikundi kiingie ndani ya kumbi za Tume na kutoa maelezo kwa maandishi au kwa mdomo, hakina budi kuwa na hadhi ya ushauri katika Baraza la Uchumi na Jamii la Umoja wa Mataifa. Hadhi hiyo imewekwa na kifungu cha 71 cha Hati ya Umoja wa Mataifa, na masharti yake yalifafanuliwa na azimio la Baraza la mwaka 1996. Kikundi kiwe kimesajiliwa kwa mujibu wa sheria za nchi yake na kiwe na umri wa miaka miwili walau. Kiwe na katiba, uongozi unaochaguliwa, na hesabu za fedha zinazoonekana. Maombi hupelekwa kabla ya tarehe 1 Juni ili yafikiriwe mwaka unaofuata na kamati ya mataifa 19. Ada ya kuomba haipo. Wengi hawalijui hilo, na wapo walaghai wanaolifanyia biashara.

Kikundi kisicho na hadhi hiyo hakijafungiwa nje. Kinaweza kuungana na chama cha kitaifa kilicho nayo, na kinaweza kushiriki katika mikutano ya pembeni ya vyama vya hiari ambayo haidai hadhi hiyo. Karibu na nyumbani ipo Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu yenye makao Banjul, ambako chama cha hiari huweza kuomba nafasi ya mwangalizi. Huko ndiko hujadiliwa Itifaki ya Maputo ya mwaka 2003 kuhusu haki za wanawake, ambayo Tanzania iliiridhia mwaka 2007.

KAZI HUFANYWA KABLA YA SAFARI

Hata hivyo, kujua milango si kushiriki. Makosa makubwa ya vikundi vingi ni kudhani kuwa ushiriki huanza uwanja wa ndege. Kwa kweli, mkutano unapofunguliwa, sehemu kubwa ya maneno yatakayopitishwa imekwisha kuandikwa. Kabla ya Nairobi, nchi za Afrika zilikutana Arusha mwezi Oktoba 1984 na kuandaa mikakati yao. Kabla ya Beijing, zilikutana Dakar mwezi Novemba 1994. Na kabla ya mikutano ya namna hiyo, kila serikali huandaa taarifa ya nchi. Kikundi kinachongoja tiketi hufika wakati chakula kimekwisha kupakuliwa. Wahenga walisema: asiyekuwepo na lake halipo. Kutokuwepo kunakodhuru zaidi ni kutokuwepo Dodoma wakati taarifa ya nchi inaandikwa.

Je, ni kitu gani kikundi cha Muleba kitapeleka Dodoma ambacho wizara haina? Kitapeleka ushahidi. Kiwe na daftari, na daftari hilo litunzwe kwa uaminifu: mgogoro ulianza lini, ulihusu nini, ulisikilizwa na nani, uliamuliwaje, na mwanamke huyo leo anaishi wapi. Majina yahifadhiwe, lakini mambo yenyewe yaandikwe bila kuongezwa chumvi. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zimempa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi, na zimeibatilisha mila inayomnyima haki hiyo. Hilo linajulikana Dodoma. Lisilojulikana ni jinsi sheria hizo zinavyotumika au kusahauliwa katika kijiji fulani cha Nshamba au Bugabo. Daftari la miaka mitatu lenye mashauri mia moja yaliyoandikwa vizuri lina nguvu kuliko hotuba kumi za uchungu. Debe tupu haliachi kuvuma, na mikutano ya dunia imekwisha kusikia mavumi ya kutosha.

Hapo ndipo ulipo umuhimu wa wasaidizi wa kisheria, waliotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Mkoani Kagera yapo mashirika yanayofanya kazi hiyo, kama vile MHOLA na, kule Karagwe, WOMEDA. Msaidizi wa kisheria anayemsindikiza mjane katika baraza la ardhi la kijiji anafanya kazi mbili kwa pamoja: anamtetea mtu mmoja leo, na anakusanya ushahidi utakaowatetea wengi kesho.

Ipo pia njia ya kushiriki isiyohitaji tiketi ya ndege hata moja. Kila nchi iliyoridhia Mkataba wa mwaka 1979 hutoa taarifa kwa kamati ya wataalamu 23 wanaokutana Geneva. Vyama vya hiari vinaruhusiwa kuipelekea kamati hiyo taarifa yao mbadala, na wataalamu huisoma kabla ya kuihoji serikali. Taarifa ya Tanzania ilijadiliwa hivyo mwaka 2016. Kikundi kilicho Bukoba, chenye daftari lililotunzwa vizuri na mwalimu mmoja anayeandika Kiingereza safi, kinaweza kusikika Geneva bila mtu yeyote kutoka nje ya mkoa.

Kuhusu gharama, somo lipo nyumbani. Mkulima mmoja wa Bukoba hawezi kupeleka gunia lake la kahawa Ulaya. Lakini wakulima waliojiunga katika vyama vya msingi, chini ya Chama Kikuu cha Ushirika cha KCU, wameweza kuifikisha kahawa yao katika soko la nje. Vikundi vya utetezi vijifunze hapo. Vikundi kumi vya Bukoba, Muleba, Karagwe na Ngara, kila kimoja kikitafuta mfadhili wake, vitapeleka wajumbe kumi mwaka mmoja na kunyamaza miaka tisa. Vikiungana, vikachanga, vikamchagua mjumbe mmoja kwa sifa na kumpa maagizo ya maandishi, vitasikika kila mwaka. Na mchango wa wanachama, hata ukiwa mdogo, una maana nyingine kubwa: mjumbe aliyepelekwa kwa fedha za wanachama huwajibika kwa wanachama. Aliyepelekwa kwa fedha za mfadhili peke yake, mara nyingi hurudi akiwa amezungumzia mambo ya mfadhili. Kujitegemea ni msingi wa uhuru wa fikra, kwa mtu mmoja kama ilivyo kwa Taifa.

JE, NI KUISEMA NCHI VIBAYA?

Wako watumishi wa umma wanaoona kuwa chama cha hiari kikipeleka malalamiko nje kinaiaibisha nchi. Hoja hii haifai kupuuzwa, kwa kuwa wapo kweli waliogeuza dhiki ya wananchi kuwa bidhaa ya kuwauzia wageni. Lakini mfano mmoja utasaidia kutenganisha pumba na mchele.

Wajane wawili wa Shinyanga, mafundi wa kushona, walinyimwa urithi na kuondolewa katika nyumba zao na ndugu za waume zao kwa kutumia zile zile Sheria za Mila za mwaka 1963. Wakisaidiwa na watetezi wa haki za wanawake, walikwenda Mahakama Kuu. Mwaka 2006 Mahakama ilikiri kuwa mila hizo zinabagua, lakini ikakataa kuzibatilisha. Wakakata rufani, na mwaka 2010 rufani ikatupwa kwa kasoro ya karatasi. Ni baada ya kupanda ngazi zote za nyumbani ndipo walipopeleka shauri lao kwa kamati ya Geneva, na tarehe 2 Machi 2015 kamati ikaona kuwa haki zao zilikuwa zimevunjwa, na ikapendekeza sheria hizo zirekebishwe. Njia waliyoipita haikuwa ya uchochezi. Ilifunguliwa na Tanzania yenyewe ilipojiunga kwa hiari, mwaka 2006, na itifaki inayomruhusu raia kulalamika huko. Nchi iliyofungua mlango kwa mkono wake haiaibishwi na raia anayeupita. Inachoweza kuionea aibu ni kwamba hukumu ya Muleba ya mwaka 1990 ilikuwa imekwisha kuonyesha njia, na robo karne baadaye wajane wa Shinyanga bado walikuwa wanahangaika kwa kanuni za amri ile ile.

Wajibu wa vikundi nao uko wazi. Viseme kweli. Viipe Serikali nakala ya taarifa yao kabla ya kuipeleka nje. Vikutane na ujumbe wa Serikali na Umoja wa Wanawake wa Tanzania kabla ya safari na wakati wa mkutano, maana mwisho wa yote anayetia saini na atakayetekeleza ni Serikali. Na vilipokuta jambo jema, vilitaje pia: kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji inataka wanawake watatu kati ya wajumbe saba wa baraza la ardhi la kijiji ni jambo ambalo nchi nyingi zingefaa kuliiga. Lakini viulize pia kama wajumbe hao watatu wanaalikwa vikao vyote, na kama wanapoalikwa wanasikilizwa.

KURUDI NI SEHEMU YA SAFARI

Baada ya mikutano mingi, wajumbe hurudi na mifuko ya makaratasi, picha na zawadi. Semina moja hufanyika hotelini, posho hugawanywa, na azimio huwekwa kabatini. Mjumbe asiyerudi na taarifa kwa waliomtuma hana tofauti na mtalii.

Azimio la dunia lina thamani pale tu linapofika katika lugha ya mtu anayelihitaji. Kiswahili si miongoni mwa lugha sita rasmi za Umoja wa Mataifa, na kwa hiyo mtu wa Kagera hatafsiriwi azimio hilo na New York. Hapa ndipo mahali pa mwalimu. Mwalimu wa sekondari anayeweza kugeuza kurasa kumi za Kiingereza kuwa kurasa mbili za Kiswahili chepesi, zikaelezwa kwa Kihaya katika mkutano mkuu wa kijiji, amefanya kazi ambayo hakuna mtaalamu wa Geneva awezaye kuifanya. Mwanafunzi wa kidato cha pili anayefundishwa hukumu iliyoanzia Kashasha atajua kwamba Katiba si kitabu cha watu wa Dodoma. Imekwisha kufanya kazi wilayani Muleba.

Na mahali pa mtumishi wa umma ni hapo hapo. Afisa Maendeleo ya Jamii ndiye anayeweza kuvikutanisha vikundi vilivyotawanyika na kuviongoza katika usajili. Mtendaji wa Kijiji ndiye anayeandika muhtasari wa kikao cha ardhi. Akiuandika kwa ukamilifu, ameweka ushahidi, na akiuandika kwa mstari mmoja, ameufukia. Hakimu wa Mahakama ya Mwanzo anayesikiliza shauri la mirathi anayo hukumu ya mwaka 1990 mbele yake. Hahitaji kusubiri mkutano mwingine wa dunia ndipo aitumie.

Tume ya Hali ya Wanawake itakutana tena Machi ijayo, na Machi nyingine baada ya hapo. Viti vitajazwa, havijawahi kukosa watu. Lakini kama mambo ya Bukoba na Muleba yatakuwa mezani au la, hilo litaamuliwa mapema zaidi na mbali zaidi na New York. Litaamuliwa na kikundi kitakachonunua daftari mwezi huu, na mwalimu atakayekubali kuliandika, na mtendaji atakayekubali kulipatia nakala za mihtasari yake. Huo ndio mwanzo wa ushiriki. Mengine yote, hata ndege, hufuata nyuma yake.